Ukuta Ulioachiwa Mvua

Ukiteremka kutoka vilima vya mawe vya upande wa Tinde hadi mbugani, unakanyaga udongo wa namna nne au tano kabla miguu haijachoka. Juu, kwenye mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi unaopendwa na karanga. Kwenye vichuguu na miinuko kuna ikungu, wenye rangi ya damu ya mzee. Chini yake inafuata itogolo, halafu ibambasi, udongo mgumu unaorudisha jembe na kuyakataa hata maji. Mwisho kabisa ni mbuga yenyewe, nyeusi, inayovua watu viatu wakati wa masika na kupasuka kiangazi hadi mkono wa mtoto unazama kwenye ufa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na kituo chake Amani, huko Usambara, alizunguka Tanganyika kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936. Aliandika jinsi udongo unavyofuatana hivyo kutoka kileleni hadi bondeni, na jinsi mfuatano huo unavyojirudia kilima baada ya kilima. Wanafunzi wa kilimo bado wanausoma sehemu nyingi za dunia. Bibi yangu mzaa mama aliujua kwa nyayo, na kila mwaka, pamba ikishauzwa, aliupandisha ukutani.

Nazungumzia miaka ya 1990, katika kijiji cha wakulima na wafugaji kusini mwa mji wa Shinyanga. Kuanzia Juni mvua ilikuwa imekwisha. Mtama umeshaingia ghalani, michembe ya viazi vitamu imeanikwa juu ya miamba, harusi zinanukia. Huo ndio ulikuwa wakati wa kukandika nyumba. Wanaume walirudishia nyasi za paa na kuziba palipobomoka; ngozi ya nyumba, yaani lipu ya mwisho na kila kilichochorwa juu yake, ilikuwa ya wanawake. Walichora kwa vidole, kwa gunzi la mahindi, kwa kipande cha kibuyu. Kwetu hapakuwa na picha ya mtu, wala ng'ombe, wala ua. Palikuwa na mistari, mawimbi, madoa, duara ndani ya duara.

Historia ya sanaa ya Tanzania ikisimuliwa, vinatajwa vinyago vya Wamakonde, anatajwa Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata Dar es Salaam, inatajwa michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa upande wa Usukuma, Hans Cory alitoa kitabu mwaka 1953 kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka, na ni vizuri alifanya hivyo. Lakini ile ilikuwa michoro ya chama chao, yenye nyoka na watu ndani yake. Kazi ya wanawake nje ya nyumba, isiyo na sura ya kitu chochote, ilihesabiwa kuwa usafi. Mimi nasema ilikuwa sanaa dhahania kamili, na bibi yangu alikuwa msanii aliyejua anachokifanya. Alichokuwa nacho yeye zaidi ya wengi waliosomea kazi hiyo ni kwamba alijua tabia ya jua, ya upepo na ya mvua, akazipa kila moja sehemu yake ya ukuta.

Kazi ilianza siku moja kabla, kwa kuloweka. Udongo mwekundu wa kichuguu ulipondwa kwa mchi, ukachekechwa kwa chekeche ya unga iliyochakaa, ukachanganywa na mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, ukafunikwa kwa gunia ulale. Mavi ya ng'ombe yana nyuzinyuzi za majani, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika udongo usipasuke. Bibi hakupima kwa macho. Alichukua donge, akalifinya, akalivuta polepole, akatazama linavyokatika. Likikatika ghafla aliongeza mavi. Likivutika sana aliongeza mchanga wa luseni.

Ukuta wa mbele aliufanya kama majirani, kwa sababu ukuta wa mbele ni wa wageni. Vidole vinne vilivutwa pamoja kwenye lipu mbichi, vikapanda na kushuka, na juu ya mawimbi hayo gunzi likabingirishwa likaacha safu za vitundu. Wa nyuma, unaotazama machweo, ulikuwa wake peke yake. Huko alipaka udongo mweusi wa mbuga wenye samadi kidogo sana, makusudi, ili upasuke. Juu alipaka tabaka jembamba, chini nene, maana tabaka jembamba hutoa nyufa ndogondogo zilizokaribiana na nene hutoa nyufa kubwa zilizoachana. Hivyo kabla jua halijagusa chochote, alikuwa ameshaamua wapi patakuwa na msongamano na wapi patakuwa na nafasi.

Kisha tulikaa kwenye kivuli cha mkuyu tukangoja. Sikumbuki mchezo wowote wa utotoni niliokuwa naufuatilia kwa umakini kama ule. Ufa wa kwanza ulitokea jua likishaanza kupiga ukuta huo moja kwa moja. Ulianzia palipobaki alama ya kidole, ukakimbia mrefu, peke yake, kwa mkato ambao ukitega sikio unausikia. Wa pili ulitoka pembeni ukaujia ule wa kwanza. Ulipoukaribia ulipinda kidogo, ukaugota kwa pembe ya mraba, ukaishia hapo. Haukuvuka. Bibi aliinuka na gunia lililoloweshwa, akalitundika kwenye kona ya kulia.

"Hapa nataka pakauke taratibu," alisema. "Jua lifanye kazi yake, ila lisifanye kila mahali."

Chini ya gunia lile kona ilibaki laini, nyeusi, yenye ufa mmoja tu uliopotea katikati. Upande wa kushoto, upepo wa mchana uliokuwa unapita kwenye uchochoro kati ya nyumba na boma la ng'ombe ulikausha haraka mpaka udongo ukainua kingo zake. Huo nao alikuwa ameutegemea. Siku zilizofuata alisugua majivu meupe ya mabua ya mtama ndani ya nyufa, ukuta ukawaka mistari.

Zamani, alituambia, hakutumia majivu. Alitumia udongo mweupe wenye chokaa uliochimbwa kwenye korongo lililokata malisho ya kijiji. Korongo lile lilikuwa jeraha. Shinyanga ilikuwa imefyekwa miti kwa miongo mingi, ili kufukuza mbung'o, ili kupata mashamba ya pamba, kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 na watu wakasongamana mahali pamoja na mifugo yao. Mwalimu Nyerere alipozuru mkoa mwaka 1984 alikuta ardhi inayogeuka jangwa, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI. Busara yake kubwa ilikuwa kurudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la nyasi lisiguswe hadi kiangazi kikikaza. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na wa kwetu tuliona kwa macho kwa nini: mihale na migunga ilirudi, nyasi zikafunga uchi wa ardhi, korongo likaanza kujaa. Na kingo zake zilipovaa majani, ule udongo mweupe ukafunikwa. Wanawake walizuiwa kuchimba pale. Nilimuuliza bibi kama haikumuuma.

"Ng'ombe kwanza, ng'wanone. Nyeupe nitaipata jikoni."

Sisi watoto tulikuwa na kazi yetu. Shule ilikuwa inajengwa darasa, na mifuko mitupu ya saruji ilikuwa mali. Nyingi ilikwenda kwenye kujalidi madaftari. Iliyochanika tuliipata sisi. Tuliichambua tabaka zake, tukaitandaza uwanjani, tukaipaka maji ya mlenda ili ishike, tukanyunyiza vumbi la udongo: mwekundu, mweusi, wa kijivu, kila mmoja kwa mpango wake. Tulibana pembe kwa mawe tukaondoka. Agosti na Septemba chamchela zilipita zikanyakua vumbi lililolegea na kuacha mkia uliopinda. Usiku mchwa walitoka chini. Ukiinua karatasi asubuhi ulikuta wameila kwa njia zao, na kila njia wameijengea paa la udongo mwekundu juu ya karatasi ya kahawia, mistari iliyogawanyika na kukutana tena ambayo hakuna mtoto kati yetu angeweza kuichora. Zile za mchwa ndizo tulizogombania zaidi. Binamu yangu mmoja alijifunza kuwaongoza: alimwaga majivu pale ambapo hakutaka wapite.

Lakini tulichokingoja hasa ni matone ya kwanza ya mvua. Mvua ya kwanza ya Shinyanga haiji kwa mnyunyizo. Inaanza na matone makubwa, machache, yaliyoachana, yanayopiga vumbi kwa nguvu na kuacha kila moja shimo lenye ukingo. Ukiwa na karatasi yenye vumbi jekundu juu na jeusi chini, tone moja hutoboa jekundu likafunua jeusi, na ukingo wake hurushwa pande zote. Ujuzi wote ulikuwa kuitoa karatasi kwa wakati. Ukichelewa kidogo mvua imekuja yote na huna tena kitu ila tope.

Mwaka 1997 haikutoa nafasi ya kuchagua. Mvua za El Nino zilianza mapema na hazikusikia neno la mtu. Barabara zilikatika, mbuga ikawa ziwa, mashamba ya bondeni yakaoza, na kuta za nyumba kadhaa zilianguka usiku na kuua kuku waliolala kando yake. Siandiki hayo kwa wepesi. Ulikuwa mwaka wa njaa kwa wengi. Ila ukuta wa nyuma wa bibi ulisimama, na kilichoupata nakikumbuka hatua kwa hatua, kwa sababu tulikaa ndani siku nzima na njia ya kwenda jikoni ilipita hapo.

Kwanza udongo mweusi ulivimba na nyufa zikajifunga. Ule wa mbuga hunywa maji ukatanuka, ndiyo asili yake. Majivu yaliyokuwa ndani yake yalikamuliwa yakatoka nje, yakateremka kwa michirizi ya kijivu. Nyekundu ya ukanda wa juu, chini ya paa, ilianza kushuka juu ya michirizi hiyo, ikajigawa, ikakwepa vifundo, ikakusanyika kwenye uvimbe wa chini. Na kutoka ardhini maji yanayodondoka kwenye nyasi za paa yalirusha tope juu hadi usawa wa goti, madoa kwa maelfu, mazito chini na hafifu juu. Majirani walishauri ukuta usilibwe upya mara mvua itakapopumua. Bibi alikataa. Alisema hajamaliza kuutazama.

Mvua ilipopumua ukakauka, ukapasuka tena. Ikarudi, ukajifunga, ukapasuka tena. Na nyufa zilizorudi hazikuwa zile za kiangazi. Zile pembe za mraba zilikuwa zimelegea. Sasa mistari ilikutana mitatumitatu, ikitengeneza vyumba vya pande tano na sita. Bibi alituonyesha kwa kidole.

"Ukuta mgeni hupasuka kwa pembe. Ukishanywa mvua mara nyingi hupasuka kama sega."

Mwaka 2010 wanafizikia wakiongozwa na Lucas Goehring walichapisha majaribio ambayo tope lililoweshwa na kukaushwa tena na tena lilibadilika namna hiyohiyo, kutoka makutano ya mraba hadi makutano ya njia tatu. Nilipoisoma makala yao nilifurahi sana, nikatamani ningeweza kumpelekea bibi. Nilifurahi pia nilipojifunza kuwa Edvard Munch, mchoraji wa Norway, aliziacha picha zake nje kwenye theluji na mvua nyumbani kwake Ekely, na kwamba mwaka 1960 Yves Klein alifunga turubai yenye rangi mbichi juu ya paa la gari akaendesha kutoka Paris hadi Nice ili upepo na mvua ya njiani viichore. Wote wawili wameandikiwa vitabu. Klein aliiachia barabara ifanye itakavyo, na hapo naona tofauti: bibi hakuachia hivyo. Alijua mvua itafanya nini kwenye tabaka nene na nini kwenye jembamba, na alichagua mahali pa kuikaribisha.

Likizo ya Juni 1998 nilipelekwa kwa mjomba, Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mgodi mkubwa wa sasa, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, ulikuwa bado. Ule wa enzi ya mkoloni ulishafungwa tangu 1966. Mjomba alikuwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, akisimamia karasha, mashine ya kusaga mawe, la tajiri mmoja. Nilitoka nchi tambarare yenye upeo mpana nikaingia vilima, vumbi la mawe yaliyosagwa, maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyofunikwa kwa turubai na watu waliotoka ardhini wakiwa na rangi moja kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

Mwamba wa Geita ndio ulionishika. Kuna jiwe la chuma la kule lililojipanga kwa mistari: nyekundu, nyeusi, nyeupe, nyekundu tena, mingine myembamba kuliko ukucha, mingine mipana kama kiganja, na katikati mistari hiyo imekunjwa na kupindana. Ni tabaka zilizotua chini ya maji zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, na dhahabu ilikuja baadaye kupitia nyufa zake. Wachimbaji walilisoma jiwe hilo kwa macho yaleyale aliyotumia bibi kusoma kichuguu. Walilimwagia maji, wakaligeuza juani, wakatafuta kutu na mahali mistari inapovunjika. Palipovunjika ndipo palipowapa matumaini. Mzee mmoja wa pale aliweza kutazama kipande akakuambia kimetoka duara lipi.

Kwenye mwalo, poda ya jiwe ilipitishwa na maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia, dhahabu ikibaki kwenye nyuzi na mengine yakiteremka kwenye lundo la marudio. Na juu ya marudio hayo maji yalichora. Yaligawanyika vijito, vijito vikagawanyika tena, vikaacha ncha za rangi ya kijivu, ya kutu, ya haradali, na kila ndoo mpya ilifuta nusu ya mchoro na kuanza mwingine. Nilichuchumaa pale nikiwa na mfuko wangu wa saruji. Mjomba aliniona kabla sijanyoosha mkono.

"Mjomba, kutazama, tazama mpaka jioni. Kugusa, hapana. Hapo pana zebaki."

Akanipeleka pembeni akanieleza, kwa utaratibu, kama unavyomweleza mtu mzima. Poda iliyobaki kwenye magunia inakandwa na zebaki ndani ya karai ili zebaki ishike dhahabu, kisha donge linachomwa, zebaki inapaa na moshi. Sehemu inabaki kwenye maji na kwenye tope. Aliniambia jina la kijana aliyekuwa anatetemeka mikono. Miaka michache baadaye mradi wa Umoja wa Mataifa ulikuja wilaya ileile, Rwamgasa, kupima zebaki kwenye udongo, maji na miili ya wachimbaji. Tangu siku ile siwezi kutazama picha za angani za madimbwi ya migodi, zinazosifiwa kwa rangi zake, bila kuuliza nani anaishi kando yake. Uzuri ule ni wa kweli na sumu ni ya kweli, na mimi ninachotaka ni watoto wa Nyarugusu wapate ule wa kwanza bila hii ya pili. Inawezekana, mjomba aliliweza kwa mchana mmoja. Alinipandisha kwenye kifusi cha duara jipya, udongo wa juu kabisa ambao haujafika mwaloni, akanichagulia mabonge matatu: la njano, la chungwa, na moja la zambarau iliyokolea ambayo kwetu haipo.

Niliporudi nyumbani, bibi aliyapokea kwa mikono miwili. Alisaga la njano, akalilowesha, akalifinya, akalivuta. Likakatika mara moja.

"Hili halina kamba," alisema. "Zuri, lakini halishiki."

Kiangazi kile alilichanganya na mbuga kidogo ili lipate nguvu, akalipaka ukanda mmoja chini ya dirisha. La zambarau alilihifadhi kwenye chungu na hakulipaka kamwe. Alikuwa analitoa anapokuja mgeni.

Amefariki sasa, na nyumba ile haipo. Kijijini wanajenga kwa tofali za kuchoma na bati, lipu ni ya saruji, rangi inanunuliwa kwa ndoo. Siwalaumu, nimekandika nyumba na najua mgongo unavyouma. Huko Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yanatunza ngoma, viti vya kitemi na nyumba ya msonge, na naomba siku moja yatunze pia ukuta mmoja wa namna hii, uliopakwa upya kila Juni na kuachwa nje. Wanawake wanaoujua bado wapo. Kwa atakayetaka kujaribu, naweka hapa vipimo vya bibi kama nilivyovishika.

Udongo mwekundu wa kichuguu kilichohamwa na mchwa, karai mbili. Mavi mabichi ya ng'ombe aliyekula majani, si pumba, karai moja. Majivu kata mbili. Ulale usiku mmoja chini ya gunia lenye unyevu. Huo ni wa msingi na ukanda wa juu. Kwa nyufa, chimba mbuga usawa wa goti, si ya juu, kwa sababu ya juu ina mizizi. Karai tatu kwa konzi mbili tu za mavi. Lowesha ukuta kabla ya kupaka, la sivyo lipu itabanduka vipandevipande. Paka asubuhi ukuta unaopigwa na jua la jioni. Unapotaka utulivu, tundika gunia bichi na ulirudie kulilowesha hadi jua litue. Majivu ya nyufa yawe ya mabua ya mtama, yachekechwe kwa kitambaa, na yasuguliwe siku ya tatu kwa tambara kavu, si kwa kiganja, maana jasho huyafanya yashike nje ya ufa.